Nyasi za baharini: Lishe inayobeba uhai wa kasa wa Lamu

MAJI ya bamvua yanapokupwa katika visiwa vya Lamu, sehemu kubwa ya sakafu ya bahari hujitokeza ikiwa imefunikwa na zulia la kijani. Mgeni huweza kudhani kwamba ni takataka zilizotupwa na mawimbi, na hata baadhi ya wenyeji huyakanyaga majani hayo bila kuyajali wakielekea kwenye madau yao.

Hata hivyo, zulia hilo ndilo shamba analolitegemea kasa wa kijani, mnyama aliyeifanya pwani ya Lamu ijulikane miongoni mwa wahifadhi wa mazingira duniani. Shamba likifa, mwenye kulilisha mwili wake humo naye hufa, hata kama hakuna aliyemtia mkuki.

Kwa muda mrefu sasa, jitihada nyingi za kumwokoa kasa katika eneo hili zimeelekezwa ufuoni. Tangu miaka ya 1990, wakazi wa Shela na vijiji vya hifadhi ya Kiunga wamekuwa wakishirikiana na mashirika ya uhifadhi kulinda viota, kuhamisha mayai yaliyotagwa mahali pa hatari na kuwashawishi wavuvi wawaachilie kasa wanaonaswa nyavuni.

Hizo ni kazi njema zinazostahili pongezi. Lakini mnyama yeyote, awe wa porini au wa zizini, huishi kwa anachokula. Kwa hivyo lipo swali ambalo haliulizwi mara nyingi: kasa aliyeokolewa ufuoni, akifika baharini atakula nini?

Mtambaazi mla majani

Dunia ina aina saba za kasa wa baharini, na tano kati yazo huonekana katika maji ya Kenya. Kila aina ina chakula chake. Ng'amba, ambaye magamba yake yaliwahi kuwa bidhaa ya thamani kubwa katika biashara ya pwani hii, hupenda kula sponji za miambani. Yule kasa mkubwa kupita wote, ambaye mgongo wake ni laini kama ngozi, huishi kwa kula yavuyavu.

Kasa wa kijani ndiye pekee kati yao ambaye, akishakuwa mzima, hutegemea zaidi mimea. Wataalamu humwita Chelonia mydas. Jina la kijani halikutokana na gamba lake, ambalo aghalabu huwa la hudhurungi, bali na rangi ya mafuta yaliyo chini ya gamba hilo. Mnyama huyu huweza kupita kilo 100 kwa uzani, na gamba lake hufikia takriban mita moja kwa urefu.

Chakula chake kikuu ni nyasi za baharini. Ni muhimu msomaji azitofautishe nyasi hizo na mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala hautoi maua. Nyasi za baharini, kwa upande mwingine, ni mimea kamili kama ile ya nchi kavu: zina mizizi, shina linalotambaa chini ya mchanga, majani, maua na mbegu. Maua hayo huchavushwa ndani ya maji, jambo ambalo ni nadra katika ulimwengu wa mimea.

Pwani ya Kenya ina aina 12 za nyasi hizo. Kuna zenye majani mapana kama utepe, kuna nyembamba kama uzi, na kuna zenye vijani vya duara visivyozidi ukucha wa kidole. Kwa kuwa huhitaji mwanga wa jua ili zitengeneze chakula chao, nyasi hizi hustawi katika maji maangavu yasiyo na kina kirefu. Hali hiyo hupatikana katika ghuba na mikondo iliyopo baina ya visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, hadi kwenye visiwa vidogo zaidi ya 50 vya hifadhi ya baharini ya Kiunga, iliyotangazwa na serikali mwaka wa 1979.

Chakula hubadilika na umri

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kasa wa kijani hazaliwi akiwa mla majani. Kitoto kikishaangua na kuingia majini, huelea na mikondo ya bahari kuu kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho hula zaidi vijinyama: yavuyavu, konokono wadogo, mayai ya samaki na viumbe vingine vinavyoelea.

Gamba lake linapofikia urefu wa sentimita 30 au 40 hivi, kasa huyo hurejea kwenye maji ya pwani na kuanza kulisha nyasi na mwani.

Sababu ya mabadiliko hayo haifichiki. Mwili mchanga unaokua kwa kasi huhitaji protini nyingi, na majani huwa na protini kidogo pamoja na nyuzi nyingi zilizo ngumu kumeng'enywa. Mwili mkubwa una utumbo mrefu na muda wa kutosha wa kuyatoa manufaa majani hayo polepole.

Utaratibu huu si wa kasa peke yake. Yule mjusi wa Australia mwenye miiba mithili ya ndevu kidevuni, ambaye siku hizi hufugwa majumbani katika nchi nyingi za Magharibi, naye hula wadudu kwa wingi anapokuwa mchanga, na hugeukia majani anapokomaa. Wafugaji wasioufahamu ukweli huo humdhoofisha mnyama wao kwa kumpa chakula cha umri usio wake.

Somo hilo linawahusu pia wale wanaookota kitoto cha kasa na kukitia kwenye beseni la maji nyumbani kwa nia ya kukilea kwa mchicha na makombo ya jikoni. Kitoto hicho hakiwezi kuishi kwa majani. Hata kasa mzima hawezi kupata katika mboga za bustani kile anachokipata katika nyasi za baharini.

Mchicha na spinachi, kwa mfano, vina kiasi kikubwa cha asidi ya oksali, ambayo huing'ang'ania kalisi na kuizuia isiingie mwilini. Mnyama mwenye gamba na mifupa mizito akikosa kalisi, gamba lake hulegea na kupinda. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo hushauri kwamba mboga hizo zisiwe chakula kikuu cha kobe au mtambaazi mwingine yeyote anayefugwa, bali zichanganywe na majani ya aina nyingine na nyasi.

Wapo watambaazi wa Afrika Mashariki waliozoea kulishwa kwa mkono. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, wageni huwalisha majani kobe wakubwa ambao asili yao ni zawadi iliyoletwa kutoka Ushelisheli mwaka wa 1919. Huko Nungwi, kwenye bwawa la Mnarani, wageni huwalisha kasa mwani. Lakini hao huishi chini ya uangalizi. Nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kumweka kasa nyumbani bila kibali, wala kumwinda au kuuza nyama, mayai, mafuta au gamba lake.

Mkulima asiye na jembe

Kasa hana meno. Badala yake, kingo za taya lake zina vijino kama vya msumeno, navyo humwezesha kukata jani kwa urahisi. Majani hayatafunwi bali humezwa, kisha kazi yote iliyobaki huachiwa utumbo.

Ng'ombe na mbuzi huchachusha majani tumboni kisha wakayacheua. Kasa hafanyi hivyo. Yeye huyachachusha mwishoni mwa safari, katika utumbo mpana, kama afanyavyo punda anayebeba mchanga na mawe katika vichochoro vya mji wa Lamu. Humo mna vijidudu vinavyovunja nyuzi za majani na kuzigeuza kuwa nguvu. Kwa vile joto la mwili wa kasa hufuata joto la maji, kazi hiyo huenda vyema katika bahari ya joto kama yetu.

Namna anavyolisha nayo ina hekima. Mwaka wa 1980, mtafiti Karen Bjorndal wa Marekani alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu kasa wa visiwa vya Bahamas. Aligundua kwamba kasa hawalishi ovyo ovyo. Huchagua kiwanja, wakayakata majani karibu na shina, wakaiacha ile sehemu ya juu iliyozeeka ielee na kwenda zake. Kisha huwa wanakirudia kiwanja kile kile ili kula machipukizi.

Machipukizi hayo yana protini nyingi na nyuzi chache kuliko majani makongwe. Kwa maneno mengine, kasa hujitayarishia chakula bora kwa kukipogoa, mfano wa mkulima anayechuma kisamvu ili matawi yatoe majani mapya.

Pamoja na ustadi huo, lishe ya majani ni lishe ya subira. Kasa wa kijani hukua taratibu mno, na huchukua kati ya miaka 20 na 40 hivi kabla ya kuanza kuzaa, kulingana na eneo na wingi wa chakula. Mwananchi anayemwona kasa jike akipanda ufuoni Kiwayu kutaga anamwona mnyama ambaye huenda ana umri sawa na wake.

Mayai nayo hutokana na majani. Jike hawezi kutaga kila mwaka. Hulisha kwa miaka miwili, mitatu au zaidi, akijiwekea akiba ya mafuta mwilini, ndipo asafiri hadi kwenye ufuo wa kutagia. Msimu huo mmoja hutaga mara kadhaa, na kila kiota huwa na mayai 100 au zaidi. Penye malisho haba, akiba huchelewa kutimia na jike hukawia kurudi ufuoni. Hapo ndipo inapobainika kwamba ulinzi wa viota na ulinzi wa nyasi ni kazi moja.

Wanaokula meza moja

Kasa hali peke yake katika malisho haya. Tafi na pono, samaki wanaojaza vikapu vya wavuvi wengi wa pwani ya Kenya, hula nyasi hizo hizo au hukulia ndani yake. Kamba na samaki wachanga wa aina nyingi hujificha humo wasiliwe na wakubwa. Mvuvi wa Faza au Kizingitini ambaye hajamjali kasa maishani mwake bado anayategemea malisho ya kasa kwa kitoweo na karo ya watoto wake.

Yupo pia nguva, mnyama anyonyeshaye ambaye chakula chake ni nyasi za baharini pekee kwa kiasi kikubwa. Zamani nguva walionekana kwa wingi katika maji ya Lamu. Mnamo Desemba 2022, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, uliwaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Nyavu ziliwaua wengi, na kupungua kwa malisho kunawanyima waliobaki nafasi ya kuongezeka.

Isitoshe, mizizi ya nyasi hushikilia mchanga usichukuliwe na mawimbi, na majani yake huyachuja maji. Kaboni inayozikwa chini ya malisho hayo huweza kukaa huko kwa mamia ya miaka badala ya kurudi angani kuongeza joto duniani.

Vitisho vya malisho

Adui wa kwanza wa nyasi hizi ni giza. Chochote kinachoyatia maji tope huzinyima mwanga. Uchimbaji wa kina cha bahari kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021, uliibua malalamiko makubwa ya wavuvi kuhusu maji kuchafuka na maeneo yao ya uvuvi kuharibiwa.

Mwaka wa 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Uamuzi huo ulitambua kwamba bahari ni shamba la mvuvi. Lakini kasa hana wakili wala hapokei fidia, na nyasi zilizofunikwa kwa tope haziwezi kulipwa kwa hundi.

Adui wa pili ni vyombo vya uvuvi. Juya linalokokotwa chini hung'oa nyasi pamoja na mizizi yake, ndiyo sababu Kenya ilipiga marufuku matumizi yake. Nanga zinazotupwa ovyo huacha mashimo ambayo huchukua miaka kuzibika. Jarife nalo, ingawa haling'oi nyasi, humzamisha kasa, kwani huyu ni mnyama anayepumua hewa na lazima aibuke juu ya maji.

Adui wa tatu ni plastiki. Mfuko wa nailoni unaoelea hufanana na yavuyavu, na vipande vidogo hujichanganya na majani. Kasa akivimeza, utumbo wake huziba na huweza kufa kwa njaa akiwa na tumbo lililojaa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Wanalamu walikwenda mbali zaidi: fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, zikiwemo kandambili zilizotupwa, nalo likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar mapema mwaka wa 2019 kueneza ujumbe wa bahari safi.

Joto la bahari nalo linaongezeka. Nyasi zilizo kwenye maji ya kina kifupi huungua jua linapokuwa kali wakati wa maji kupwa. Ufuoni, mchanga wenye joto jingi huzalisha majike kuliko madume, kwa sababu jinsia ya kasa huamuliwa na joto la kiota.

Sumu inayotokana na lishe

Kuna sababu nyingine ya kufahamu chakula cha kasa, nayo inagusa uhai wa binadamu. Mnamo Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wengine kadhaa walilazwa hospitalini. Zaidi ya miaka miwili kabla ya hapo, mnamo Novemba 2021, watu saba walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu iyo hiyo.

Wataalamu wanaamini kwamba sumu hiyo hutokana na baadhi ya mimea midogo ya baharini anayoila kasa, ambayo hujilimbikiza mwilini mwake bila kumdhuru. Haina dawa ya kuiondoa, na haiharibiwi kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Nyama hiyo haitambulikani kwa macho, harufu wala ladha. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, na hata mtoto anayenyonya huweza kuathirika kupitia maziwa ya mama.

Wapo bado wakazi wa pwani wanaoamini kwamba nyama na mafuta ya kasa ni tiba. Misiba ya Pemba inatosha kuwa onyo kwa kila nyumba, kuanzia Unguja hadi Kiunga.

Mafanikio yenye masharti

Habari si mbaya tu. Mnamo Oktoba 2025, IUCN ilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la wanyama walio hatarini duniani, baada ya idadi yake kuongezeka katika maeneo mengi kutokana na miongo ya ulinzi. Uamuzi huo unahusu dunia kwa jumla. Haumaanishi kwamba kila pwani imepona, wala haubadilishi sheria ya Kenya.

Ongezeko hilo lenyewe linaleta swali la malisho. Katika visiwa vya Lakshadweep nchini India, kasa waliongezeka na kukusanyika katika ghuba chache hadi wakazimaliza nyasi, kwa kuwa malisho yalikuwa finyu na papa wanaowatawanya walikuwa wamepungua. Ni sawa na mfugaji anayeongeza ng'ombe bila kuongeza shamba.

Lamu bado ina nafasi ya kuepuka hali hiyo, kwani malisho yake ni mapana. Hatua zinazohitajika zinafahamika. Mikoko, ambayo zaidi ya asilimia 60 ya ile ya Kenya nzima imo katika kaunti hii, ihifadhiwe ili izuie tope lisifike baharini. Manahodha wa mashua za watalii na uvuvi watie nanga kwenye mchanga mtupu au wafunge kwenye maboya. Kila mradi wa ujenzi baharini upimwe athari zake kwa nyasi kabla ya kazi kuanza. Vikundi vya usimamizi wa fuo navyo vipewe uwezo wa kuchora ramani za malisho na kuyafunga kwa muda maeneo yaliyochoka.

Anayemwona kasa aliyejeruhiwa au aliyenaswa, asimpeleke nyumbani wala asijaribu kumlisha. Amjulishe afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au viongozi wa kikundi cha wavuvi kilicho karibu, na amkinge kasa huyo dhidi ya jua kwa kitambaa kilicholoweshwa maji hadi msaada ufike.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kasa ni mafuta anayoyakusanya kwa miaka kutokana na majani, na akiba ya Wanalamu ni shamba hilo hilo la kijani lililo chini ya maji. Kasa anayetoka kiotani mwaka huu huenda asirudi kutaga kabla ya mwaka wa 2050. Atakaporudi, kitakachoamua kama amebeba mayai ni hali ya nyasi katika miaka yote hiyo.